Debe Juu ya Paa

Kisumu
9 Februari 1956

Kwako shemeji Mellen,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi ya majani chai. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama Jerusa anasumbuliwa na magoti. Natumaini wewe na watoto, Akeyo na Dorcus, mu wazima.

Ni miezi mitano tangu tumzike ndugu yangu Zacheus. Wazee wa ukoo wamekaa, wamesema mali ya marehemu irudi nyumbani kabla ya ukumbusho wa mwaka, na ile motokaa yake ya kabla ya vita ndiyo iwe ya kwanza. Najua iko juu ya mawe, nyasi zinaota ndani. Usijali, nitaitafutia fundi.

Wamesema pia kwamba mjane hakai mjini bila mwenyewe. Mimi kama kaka mkubwa nimekubali kuubeba mzigo huo. Gari litatangulia, wewe na watoto mtafuata. Jitayarishe.

Ni mimi, mkubwa wako sasa,
Alfayo Ogola

*

Kericho
3 Machi 1956

Shemeji Alfayo,

Nimepokea salamu zako. Watoto wazima, mimi mzima kuliko unavyodhani. Mpe mama pole ya magoti. Naandika Kiswahili kwa sababu Kijaluo chenu nakisema, lakini mkono wangu wa Kisii haujui kukiandika.

Gari haliko juu ya mawe. Nimelishusha. Zacheus alipokuwa akilitengeneza, ni nani aliyekuwa akimshikia spana jioni baada ya kazi ya kiwandani? Wewe ulikuwa Kisumu. Na lilinunuliwa nusu kwa mshahara wake, nusu kwa viazi vyangu. Wazee wameambiwa hilo?

Sasa nikueleze, ili ujue unachokitaka. Kiti cha nyuma nimeking'oa, nikapiga sakafu ya mbao. Magunia sita yanaingia. Springi zilikuwa zimelala, nikaziongezea vyuma vya lori bovu. Kwa kuwa miguu yangu ni mifupi, nimefunga vipande vya mbao kwenye pedali na kiti nimekisogeza mbele. Pampu ya petroli ilikufa, na spea yake haipatikani hata Nakuru. Basi nimefunga debe juu ya paa, na mpira unateremsha petroli mpaka kwenye injini. Tangi la nyuma halifanyi kazi tena. Chini ya usukani, karibu na goti la kulia, kuna mfereji mdogo wa shaba. Nikiondoka naufungua, nikisimama naufunga, la sivyo petroli yote itamwagika. Kipkosgei, aliyekuwa akifanya kazi na Zacheus, alinisaidia kuinua injini, akanifundisha kuendesha. Leseni ninayo.

Jumanne naenda Silibwet kwa viazi, Ijumaa Mulot kwa mahindi, nawauzia watu wa mashamba ya chai. Watoto wanakula na wanasoma. Mzigo unaotaka kuubeba, shemeji, unatembea wenyewe.

Ni mimi, mke wa Zacheus,
Mellen

*

Kisumu
17 Machi 1956

Shemeji Mellen,

Natumaini hamjambo. Sisi wazima.

Barua yako ni ndefu mno. Nilipofika kwenye habari za mbao na springi niliikunja. Mambo ya gari mwanamke anamwandikia mwanamume ya nini? Nimefurahi tu kusikia kwamba linatembea. Fundi hahitajiki tena.

Nakuja Jumapili tarehe nane Aprili na dereva, mtu aliyeendesha malori ya jeshi mpaka Burma. Gari la zamani kama hilo halina ufunguo, ni swichi na hendeli tu, kwa hiyo hata usipokuwepo hakuna neno. Funga vyombo vyako.

Mkubwa wako,
Alfayo Ogola

*

Kericho
10 Aprili 1956

Shemeji Alfayo,

Je, mlifika salama? Basi la Jumapili hujaa sana. Sisi hatujambo.

Mlipopiga hendeli mimi nilikuwa kanisani, tunaimba. Nililijua gari langu kwa mlio. Nilishika kiti, nikawaambia watoto wasitoke. Nisikufiche, shemeji, moyo uliniuma kama siku ile tuliyomzika. Kisha nikausikia mlio ukikohoa, ukakatika. Nikaendelea kuimba, kwa sauti kubwa zaidi.

Kipkosgei alikuwa amekaa kwenye nyasi ng'ambo ya barabara. Anasema wewe ulikaa mbele, magoti yako yakagusa masikio. Anasema mlifungua boneti, mkasukuma, mkazunguka, na mtu wa Burma akaenda kununua galoni mbili akazitia kwenye tangi la nyuma. "Mama Akeyo," ananiambia, "hao watu walichoka kapisa." Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia kitu. Akasema hawakuuliza.

Ibada ilipokwisha nilikuta gari mbele ya lango la kanisa, lilikofikishwa na petroli kidogo iliyobaki kwenye mpira, na nyinyi mmeshapanda basi. Watu wote wa kanisa walisimama kuangalia. Nilifungua mfereji, nikapiga hendeli mara moja tu, nikawapakia watoto, nikaenda nyumbani. Zile galoni mbili nilizinyonya kwa mpira nikazipandisha kwenye debe. Ijumaa zitanifikisha Mulot. Asante.

Kila kitu nilikuandikia, shemeji. Ungesoma ukurasa mmoja tu zaidi, leo gari lingekuwa Kisumu nami ningekuwa nalia. Mtu asiyesoma barua yangu hawezi kuwa mkubwa wangu. Sirithiwi, wala gari halirithiwi. Waambie wazee hivyo, na waambie kwamba kwenye ukumbusho nitakuja, nitapika, nitalala nyumbani kwa mama.

Mke wa Zacheus, tena mwenye gari,
Mellen

*

Kisumu
2 Mei 1956

Shemeji Mellen,

Hatujambo. Mama Jerusa alinisikia nikimsimulia mke wangu, akacheka mpaka akashika mbavu. Hajacheka tangu mazishi. Aliwaita wazee, akawaambia mwana wake alioa fundi, na fundi harithiwi kama jembe. Wazee wamechukua bakora zao, wakaenda. Jambo limekwisha.

Anauliza kama ukija kwa ukumbusho utakuja na gari. Anataka kupandishwa mpaka kaburini, kwa sababu ya magoti.

Barua yako ya Machi nimeisoma yote sasa, mara mbili. Naomba kuuliza jambo moja tu, wala si kwa ubaya. Huo mfereji, unafunguliwa kwa kuzungusha kulia au kushoto?

Shemeji yako,
Alfayo

*

Kericho
14 Mei 1956

Shemeji Alfayo,

Hatujambo sote. Mwambie mama akae tayari. Kiti cha mbele ni chake, nitampelekea mto. Wewe utakaa nyuma, juu ya magunia.

Mfereji nitaufungua mimi.

Shemeji yako,
Mellen