Watu Hawahesabiwi

Jumanne, 3 Mei 1988

Leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Mama Adhiambo, mshauri aliyenisaidia tangu mafuriko yalipomchukua Baba, amehamia Muhoroni. Alipoondoka aliniambia hofu ikinijia, nihesabu kwa sauti vitu vitano ninavyoviona.

Jioni tukiwa tunakula, mvua ilianza kupiga mabati na pumzi zikanibana. Ningehesabu vikombe tu! Lakini macho yangu yaliangukia watu. "Mmoja, wawili, watatu..."

"Nani anahesabu watu nyumbani kwangu?" Dani alifoka. Nyanya yangu huyu hata kuku wake hawahesabu. "Unataka tupungue?"

"Si tulishapungua, Dani?"

Maneno yalinitoka kabla sijafikiri. Baba alikuwa mwanawe wa pekee. Dani alisukuma sahani ya ugali, akaenda chumbani.

Na mimi, naona haya kuandika, nilikuwa nimeshatulia kabisa.

Kesho nitamwandikia Mama Adhiambo hivi: Ulinifundisha kujituliza mwenyewe, nami nashukuru. Sasa Dani nimtulize vipi? Tafadhali, unaweza kunijibu mara tu upatapo barua hii?