Uwanja wa Ndege wa Woodley

Akinyi wangu,

Keti vizuri huko uliko, nina habari. Na usinikatize, kwa maana tangu tujuane sijawahi kumaliza hadithi hata moja ukiwa karibu.

Saluni ipo. Tuko palepale Kenyatta Market, moshi wa nyama choma unaingia hadi kwenye taulo, na mlango bado unakwama mvua ikinyesha. Kiti chako nimempa msusi mpya, msichana mzuri mwenye mkono mwepesi, ila anasuka kimya kama yuko kwenye mtihani. Nimemwambia hapa si maktaba. Wateja wako wengi wamebaki. Wachache walihama, na nitawarudisha, wewe ngoja tu uone.

Ile mashine ya gemu sikuigusa tangu tulipokuzika. Unakumbuka tuliinunua ya mitumba ili waume na watoto wanaosubiri wasituharakishe? Wiki haikuisha kabla hujawanyang'anya. Wao walitaka mpira. Wewe ulitaka ule mchezo wa jiji, ambao mtu anazurura apendavyo, anachukua gari lolote, na barabara ikiishia kando ya bahari anakuta uwanja wa ndege. Uliupa jina siku hiyohiyo: Uwanja wa Ndege wa Woodley. Ulisema nyumbani kwako ni Woodley, na umechoka kukaa mtaa usio na uwanja wake.

Watu wengine wakifika pale huvunja geti na kuruka na ndege ya kwanza wanayoiona. Wewe uliegesha gari kwanza, taratibu, ndani ya mistari. Ukaweka kidude cha kuchezea chini, ukasema, "Hakuna msafiri anatoka hapa bila maombi." Ukatusimamisha wote kama familia inayosindikiza mtu wake, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, mizigo miguuni. Wenye vichwa vilivyosukwa nusu wakafumba macho. Ukaomba kwa ile sauti yako ya ushirika wa akina mama: "Bwana, bariki hii ndege tunaiba." Hata aliyekuwa chini ya drayer akikausha nywele akasema amina.

Huyo alikuwa Roda, anayefanya kazi za nyumbani kule Lavington. Alifumba macho kabla hajaiona TV, na kwa kelele za drayer alichosikia ni ndege, safari, Mungu atangulie. Siku yake ya mapumziko akarudi na mfuko wa dagaa wa omena na njugu, umpelekee kaka yake Kanada. "Si hata ni karibu na kwenye unaenda," alikwambia, na hakuwa ameuliza unaenda wapi. Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Wewe hukucheka. Ulimketisha, ukamwonyesha ile TV, ukamwombea kaka yake kwa jina, ndipo tukacheka sote watatu na kuzitafuna zile njugu. Nilikupenda sana siku hiyo, na sidhani niliwahi kukuambia.

Lakini kutua, Akinyi! Maombi yote yale na hukuwahi kutua hata mara moja. Ulikuwa ukishuka kwa haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Uliangukia baharini, uliangukia paa za watu, siku moja uliangukia lori la mafuta. Kila mara ulimgeukia binti yako Achieng, ametoka shule na yunifomu yake, ukamwambia, "Si tumefika lakini?"

Sasa sikia. Achieng amepata chuo huko Kanada. Ndiyo, mtoto wetu! Viza imetoka, tiketi ipo. Nililia nimeinamia kapu la taulo ili wateja wasione, kisha nikatoka nikatangazia soko zima. Halafu wiki iliyopita binti yako akaja, akaketi kwenye kiti chako, akasema, "Anti, mimi siendi. Ile ndege itaanguka tu. Nimeona mathe akiangusha kila moja." Nilidhani anatania, mpaka akatoa tiketi mkobani na kunikabidhi. Anaogopa ndege, ni kweli, lakini zaidi anaogopa kwenda mbali hivyo na mama hayupo.

Maneno matupu yasingemsaidia. Nikaifuta mashine vumbi. Kila asubuhi kabla ya kufungua nilijifunza kutua, na nikaanguka sana, sitakuficha, ila mimi si mtu wa kushindwa na kidude cha plastiki. Jana nikamwita. Niliegesha gari ndani ya mistari. Nikaomba, kwa ufupi, kwa sababu wewe ulikuwa unamchosha Mungu. Nikaruka, nikazunguka juu ya bahari, nikarudi. Nikapunguza mwendo mapema, nikatoa magurudumu, nikaielekeza pua kwenye ile njia ndefu na kuishusha polepole. Magurudumu yakagusa, yakadunda kidogo, yakagusa tena. Ndege ikasimama nzima! Aliyepiga kigelegele wa kwanza ni yule msusi wangu bubu.

Nikaiendesha hadi mbele ya jengo la abiria, kisha nikamgeukia Achieng nimwone akifurahi. Alikuwa bado anatazama skrini. Jengo lilikuwa na milango mikubwa ya vioo na hapakuwa na mtu hata mmoja. Hatukuwahi kufika hapo tukiwa hai, kwa hiyo hatukujua. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Anti, hakuna mtu amekuja kutuchukua."

Akinyi, nilimkumbatia na kuzima ile mashine, na nikakutaka uwe pale kuliko nilivyowahi kukutaka.

Anasafiri Ijumaa. Amekubali, kwa kuwa ameona ndege ikitua nzima. Roda ameleta omena na njugu tena, na safari hii zinaenda kweli. Maombi ya maegesho nitayaongoza mimi, hata kanisa lenu likija lote, na hilo halina mjadala. Lakini ahadi ninayokupa ni nyingine. Siku atakayorudi Achieng, iwe likizo au amemaliza, saluni itafungwa, mwenye kichwa kilichosukwa nusu atangoja. Mimi nitakuwa mlangoni pa wanaowasili, mbele ya watu wote, nimevaa lile rinda lako la maua ulilokuwa ukininyima. Nitafika mapema, nitasukumana na mtu nikilazimika. Akitoka na mizigo yake, akianza kuangalia huku na huku, wa kwanza atakayemwona ni mimi.

Lala sasa, rafiki yangu. Mtoto ana mtu wa kumchukua.

Wako,
Wanjiru