Mtoto Wangu Atapauka

Kakese, Mpanda. Jumamosi, masika ya 1996

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Nyamizi azaliwe sijakuandikia hata mstari. Kazi yangu imekuwa kumshika mwanangu vidole asijikune.

Leo mvua imepumzika, nepi ziko kwenye kamba. Nimechoka, ila hasira inanipa nguvu.

Vipele vilianzia kwenye mikunjo ya shingo, vikashuka mgongoni, ngozi ikachubuka ikatoa majimaji. Mama mkwe alitazama mara moja tu. "Huyu kabemendwa." Yaani nimelala na mwanaume mtoto akiwa bado ananyonya, nikamharibu. Kisimani ndiyo usiseme: "Mama Nyamizi, mtoto hata kutambaa bado, wewe ushaanza?" Wanacheka. Na baba Nyamizi yuko shambani Sibwesa tangu mvua za kwanza.

Kwa hiyo unaelewa wananiita nani.

Niliogopa, nikazidi kumpaka lotion asubuhi na jioni. Mtoto akipauka, kwetu hapa anayeaibika ni mama. Kumbe nilikuwa naongeza kuni motoni.

Halafu maji yakabeba reli, treni haikuja, lotion ikaisha madukani. Nikampaka samli ya ng'ombe wa shemeji. Akanukia zizi, ndiyo, lakini alilala, na ngozi ikaanza kufunga.

Treni ilivyorudi, mama mkwe akanunua chupa mpya. Jumapili iliyopita alimpaka kwa mkono wake ili aende kanisani anang'aa. Jumatatu jioni mwili mzima umewaka tena.

Nikambeba hadi zahanati. Nesi akauliza nampaka nini, nikamwonyesha chupa. Akasema lotion ina maji, na kitu chenye maji hutiwa dawa kisioze. Wengi haiwadhuru. Ngozi ya Nyamizi inaikataa.

Siyo mimi. Wala siyo mwanaume yeyote.

Nilirudi nikampigia mama mkwe magoti, kama inavyotakiwa. "Mama, mtoto hajabemendwa. Ni hii chupa."

"Sasa si atapauka? Watasema humtunzi."

"Waseme, mama. Apauke, alale."

Sijui kama ameniamini, na sitamngoja aniamini. Chupa nimeimwaga chooni. Baba Nyamizi akirudi, habari hii ataisikia kwangu kabla ya kisimani.

Dada yangu wa Kigoma ameniuliza anitumie nini. Nitamjibu hivi: mafuta ya mise, ya kokwa za chikichi, chupa mbili, yale yanayokamuliwa nyumbani, yasitiwe manukato. Sabuni ya mche isiyo na harufu. Vitambaa vya pamba vilivyochakaa, nimshonee soksi za mikono. Na mgeni yeyote anayekuja kumwona mtoto alete sukari. Lotion aiache hukohuko.