Kwenu Mnaliaje?

Zaituni, dada yangu,

Alhamisi wanafunzi wapya wa unasihi watafanya lile zoezi lako, na mwalimu wetu amenipa mimi niliongoze. Nilikubali haraka, kama mtu anayejitwika mzigo kabla hajaunyanyua. Kisha nikarudi chumbani kwangu hapa Gitega, nikagundua kwamba tangu tukuzike nilikuwa sijadondosha chozi hata moja. Hebu niambie, mtu wa namna hiyo angesimamaje mbele ya watu kuwauliza, "Kwenu mnaliaje?"

Unakumbuka tulivyoanza? Tulifundishwa kukaa ana kwa ana na mteja, macho kwa macho. Siku ya mazoezi wewe ukawa mteja wangu. Mimi, mtoto wa Butihinda niliyelelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, nikakuuliza kwa Kiswahili changu kilichopigwa pasi, "Je, unajisikiaje kuhusu hali hiyo?" Ukanitazama weee, ukasimama, ukakisogeza kiti chako kikawa ubavuni mwa changu.

"We uko unaongea kama redio," ukasema. "Mi siwezi lia mbele ya redio. Na kwetu mtu akikukazia macho hivi, ni kama uliiba kitu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema kuanzia hapo kila mmoja wetu amuulize kwanza mteja anapenda kukaa vipi. Nami jina la Redio likaniganda, maana ulilitangaza bweni zima kabla ya chakula cha jioni.

Halafu baba yako akafariki, tukaja kwenu Muyinga darasa zima. Wenzetu wa Itaba na Giheta walilelewa vizuri, kwa mfiwa hawaendi mikono mitupu. Basi wakabeba kidumu cha urwarwa, pombe ya ndizi iliyoiva barabara, wakakitua mlangoni pa nyumba ambamo masheikh walikuwa wanamsomea marehemu. Harufu ikatangulia kuingia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wajomba zako walitazamana. Wewe ukatoka, macho yamevimba, ukakipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, ukakifunika kwa khanga yako na kukipeleka kwa jirani Mkristo. Mama yako alikuwa amekaa pale karibu na mlango, nikamsikia akiwaambia wajomba:

"Wameleta kile iko kwao. Mtu akikuletea cha kwao, amelia na we."

Uliporudi darasani ulikisimulia kisa hicho kwa utani mpaka wenzetu wa Itaba wakainamisha vichwa wakicheka. Kisha ukageuka ukawa huna utani tena. Ukamwambia mwalimu kwamba siku moja tutaketi na wafiwa tusiowajua, na tusipojua kwao wanaliaje tutawapelekea pombe nyingine, ila hii itakuwa ya maneno. Hapo ndipo zoezi lilipozaliwa. Mmoja wa Giheta akasema kwao machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Wewe ukasema kwenu mnalia kimya, kupiga mayowe hakutakiwi. Zamu yangu ilipofika nikasema kwetu hatulii. Kambini mama yangu alimzika mdogo wangu, kesho yake akaenda kupanga foleni ya chakula.

Ulinishika mkono. "Basi, siku ukishindwa, uje kwetu. Kwetu iko nafasi."

Nilicheka tu. Nilidhani nina muda, na kwamba wewe ndiye utakayenifungulia mlango.

Homa ilikuchukua upesi, Zaituni. Kwenye msiba wako nilichota maji, nikawashika mabega binamu zako, nikayasema maneno yote tuliyofunzwa, kwa mpangilio wake. Watu wakanisifu kwamba mimi ni imara. Sikuwa imara hata kidogo. Nilikuwa redio.

Jumamosi nilikwenda Muyinga kumwomba mama yako ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi habari ya kidumu. Nilibeba kreti ya Fanta. Nilimkuta ameketi mkekani anafuma kitambaa cha meza. Akaitazama kreti, akanitazama mimi.

"Leo haukuleta urwarwa?"

Akacheka. Na mimi nikataka kucheka, ikatoka sauti nyingine nisiyoijua. Hakuniuliza najisikiaje. Alisogea, akanipa nafasi ubavuni mwake, akanipa donge la uzi nimshikie, akaendelea kufuma. Nikalia, dada. Nililia mpaka uzi ukalowa mikononi mwangu, na muda wote bega lake lilikuwa limegusa langu. Niliponyamaza ndipo akasema, bila kuinua macho:

"Zaituni aliniambiaga. Alisema, mama, Redio atakuja kulia hapa, usimuulize kitu. Mi nilikuwa nakungojea."

Ruhusa ya kidumu alinipa. Fanta moja tulikunywa sote wawili.

Nakukumbuka sana. Nakukumbuka darasani, bwenini, na kila ninapomwona mtu anasogeza kiti. Alhamisi nitavipanga viti ubavu kwa ubavu, kama ulivyopenda. Najua atatokea mjanja mmoja atakayenigeuzia swali, kama ambavyo wewe ungefanya. Sasa jibu ninalo. Kwetu tunalia Muyinga, mkekani kwa mama.

Pumzika, dada. Wa kwenu wanakuombea dua kwa namna yao, nami nakuombea kwa namna yetu, naamini zote zinafika.

Dada yako,
Redio