Jani la mgomba kwenye oveni

Jenifa,

Nakimbilia gari la Nachingwea. Sandwichi za nyama ziko kwenye friza. Ukitoka shule toa mbili, ondoa nailoni, weka kwenye ile oveni ndogo dakika kumi na tano, katikati uzigeuze. Usiondoke hapo! Kata moja uangalie, maana juu huwa zinakauka huku nyama ya ndani bado ni barafu.

~~Bibi asiguse oveni.~~ Bibi akitaka kuiwasha, msaidie.

Ulisikia asubuhi nilivyomfokea. Alifunga sandwichi kwa jani la mgomba, kama anavyochoma vitu kwenye majivu kule kwake Mbekenyera. Jani likafuka moshi, nami nikamwambia atatuchomea nyumba. Mama mkwe wangu, tena mbele yako. Akaenda kukaa uani, na chai yake hakuimaliza.

Baadaye nikafungua lile jani. Sandwichi ilikuwa moja tu, na yeye nyama hagusi. Jana alinisikia nikilalamika kwamba kila siku naondoka na njaa.

Nimeshindwa kwenda kumwomba radhi. Mchemshie chai nyingine.

Naila huku naandika. Ndani bado ina barafu. Mwambie ilikuwa tamu, nimeimaliza yote.

Mama