Paa la Nyumba Yetu ya Itigi

Itigi

Mke wangu Mama Zaituni,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, na Mama awe ameamka na nguvu kidogo kuliko wiki iliyopita. Je, uji anaumaliza? Bado mgongo unamuuma mnapomgeuza? Mpe shikamoo yangu, mwambie mkwewe anamwombea. Na wewe unapata hata usingizi? Mimi afya ninayo, ila nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu unaniuliza, "Umekula?" nami najibu, "Nimekula," kisha mtandao unakata. Niliyo nayo moyoni hayapiti humo. Basi nimempa barua hii binti wa jirani anayekuja Kigoma kwa treni.

Tangu uondoke kwenda kumuuguza Mama, paa letu lilizidi kuharibika. Mvua za kwanza zilipoanza, maji yaliingia chumbani kwetu mpaka godoro likalowa. Nikahamia sebuleni, na huko pia yakanifuata. Mzee Paulo, jirani yetu mrina asali, akaniletea fundi mmoja mtu wa Mtinko, anaitwa Ntandu. Alipanda juu, akagonga gonga, akashuka akijifuta vumbi.

"Mzee, nisikudanganye," akasema. "Nikiziba hapa, maji yatatokea pale. Bati zimeoza, na kenchi zenyewe, mbao za kubebea bati, zimeliwa na mchwa. Hili paa ni la kushusha lote."

"Lote?"

"Lote, mzee. Au usubiri likushukie mwenyewe."

Nikakubali. Tulihamishia vyombo kwa Mzee Paulo, isipokuwa kitanda chetu na kabati lako la nguo, vilivyokataa kupita mlangoni. Ntandu na vijana wake wakang'oa bati kuukuu, na chumba chetu kikabaki wazi, jua likipiga mpaka kwenye kitanda. Niliona aibu, mke wangu, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Ntandu akaniuliza kutoka juu, "Mama mwenye nyumba yuko wapi? Wenzake huwa wanasimama hapa chini wanatuelekeza."

"Yuko kwao, anauguza. Anarudi karibuni," nikamjibu.

Nilisema hivyo bila kufikiri, kisha nikatoka uani nikakaa peke yangu. Hukuniambia kamwe kuwa unarudi karibuni. Ni mimi tu ninayewaambia watu.

Upande wa sebule ulikuwa umeshaezekwa, chumbani zikiwa zimesimama kenchi mpya tu, wingu lilipotokea upande wa Rungwa. Upepo ukatangulia. Ukalibeba bati moja ukalitupa hadi barabarani, vijana wakaruka chini. Ntandu akapiga kelele, "Ukuta! Funikeni ukuta!" Unakumbuka ukuta ule wa chumbani ni wa tofali mbichi, ukilowa kutoka juu unayeyuka kama sukari. Mzee Paulo alikuja mbio na turubai lake la kuanikia alizeti. Tukalitandaza juu ya ukuta, kila mtu akashika pembe yake, mimi nikiwa nimesimama juu ya kitanda chetu na maji yakinipiga usoni.

"Usiachie, Baba Zaituni!" Mzee Paulo akawa ananipigia kelele. "Ukiachia tumekwisha!"

Sikuachia. Mikono ilikufa ganzi, lakini sikuachia. Mvua ilipopita, pembe ya juu ya ukuta ilikuwa imemomonyoka, ila ukuta ulisimama. Kabati lako limeegemea ukuta huo, nalo turubai lililifunika, maji hayakuingia. Vitenge vyako ni vikavu. Tukajibanza sebuleni, tukachemsha chai, Ntandu akamwigiza Mzee Paulo alivyokimbia na turubai kichwani, tukacheka mpaka machozi. Ilikuwa muda mrefu nyumba yetu haijasikia kicheko. Kisha kila mmoja akaenda kwake, kwa mke wake.

Kazi ilikamilika, na pembe ile ikajengwa upya. Juzi mchana ikanyesha mvua kubwa. Nilizunguka chumba hadi chumba nikiangalia juu, nikapapasa kuta, nikapapasa sakafu. Hakuna hata tone. Nikakaa kitandani nikasema kwa sauti, "Mama Zaituni, haivuji!" Hakuna aliyeitika. Mvua ikaendelea juu ya bati, nami nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Nikueleze ukweli. Paa hili nililiezeka nikidhani litakurudisha. Lakini siku ile ulipopiga simu nilimsikia Mama akiuliza, "Ni nani huyo?" nawe ukamjibu taratibu mara ya kwanza, ya pili, mpaka akatulia. Huwezi kumwacha. Wala mimi sitaki umwache. Amenipa wewe, nitamwekeaje kinyongo?

Mzee Paulo aliponiambia, "Sasa umepata nyumba," nikamjibu, "Nimepata nyumba ya kufunga." Nyumba inayovuja haiachwi, mke wangu, maana ukigeuka tu inaanguka. Hii sasa inaweza kukaa bila mtu. Nimekubaliana na Mzee Paulo awe anaipitia. Wiki ijayo nitapanda treni nije huko. Nitamgeuza Mama upande mmoja, wewe umshike upande wa pili.

Nisalimie kaka yako mshona viatu, na shangazi yako muuza mawese, mwambie utani wake nimeukumbuka. Majirani wote wa hapa wanakuulizia, na Mzee Paulo amenipa asali ya Mama, nitakuja nayo.

Usiniandalie chakula wala kitanda. Mwambie Mama tu, akiuliza tena ni nani huyo, kwamba ni mtu wa humu ndani.

Mumeo,
Baba Zaituni