Maneno Yako Niliyoyaficha Bombani Mkunya

Dada yangu,

Shikamoo. Najua shemeji ndiye atakayekusomea barua hii, na majirani wa huko kwenye mashamba ya mkonge watasikia. Wacha wasikie. Nimeianza mara tatu nikaichana, na hata sasa nainuka kila baada ya mistari miwili, nazunguka uani, narudi.

Mama Fidelisi alipotoka kukutembelea aliniambia umealikwa kujifunza cherehani pamoja na wake wa wafanyakazi, ukakataa. "Anasema yeye na vitu vipya haviendani," akanambia huku anacheka. "Anasema ukaidi wake ndio uliomvunja nyonga." Nikacheka naye, dada. Kisha chakula kikanishinda.

Unakumbuka siku bomba lilipofunguliwa Mkunya? Wewe ulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hilo watu wamelisahau. Ulikuja na kanga mpya, Agnesi mgongoni, mtungi kichwani, ukautua kwenye sakafu ya saruji. Kule chemchemini, bondeni, mtungi hukaa kwenye mchanga ukatulia. Saruji ilikuwa tambarare, na kitako cha mtungi ni cha mviringo. Bomba lenyewe lilikuwa na springi: ukibonyeza maji yanatoka, ukiachia yanakatika, ili yasimwagike bure maji yaliyopandishwa kwa injini. Mkono mmoja ukabonyeza, mwingine ukashika mtungi. Agnesi akajinyonga mgongoni, ukapeleka mkono nyuma kumdaka. Mtungi ukalala, ukapasuka. Watu wakacheka. Mimi, mkalimani wa mhandisi, na kaptula yangu iliyopigwa pasi, nilitabasamu.

Kesho yake ulishuka tena bondeni, na wenzako wakafuata.

Baada ya wiki chache mhandisi alisimama nami njiani mkipanda na mitungi. Alikuwa ameshaniambia tangu asubuhi kwamba akina mama wa huku wanaogopa mitambo. "Waulize kwa nini wanaliacha bomba," akasema. Wewe ukajibu kwa Chimakonde, bila hata kuutua mzigo:

"Mwambie hatuliogopi. Aliyelitengeneza hajabeba mtoto mgongoni. Aweke mahali pa kukalisha mtungi, na maji yatoke yenyewe mpaka ujae. Tutakuja."

Nikamgeukia nikasema kwa Kiingereza, "Wanaogopa, bwana. Hawajazoea."

Akaandika kwenye daftari lake.

"Umemwambia?" ukaniuliza.

"Nimemwambia."

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu lile alikuwa nalo tayari, nami nikaona ni rahisi kumpa alichokitaka kuliko kumwambia kwamba kitu chake kina kasoro. Lakini si hofu tu. Ukishinda na watu wanaosema kila siku kwamba akina mama wa vijijini ni wagumu, mwishowe unamwona hata dada yako hivyo. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Nanyi mkangoja. Mkadhani ujumbe umefika, mkawa mnapita bombani kutazama kama kuna kilichobadilika, kisha mnaendelea kushuka. Mvua zikaja. Asubuhi uliyoteleza kwenye mteremko, walioona wanasema ulijipindua hewani ukaangukia ubavu, usimwangukie Agnesi. Hakupata hata mchubuko. Wewe walikupandisha kwa machela, halafu lori likakupeleka hospitali ya Ndanda.

Nilikaa kando ya kitanda chako. Ulinishika mkono ukasema, "Wamesema kweli. Nisingekuwa mkaidi ningechota palepale nyumbani." Nilikuwa na nafasi, dada. Tulikuwa wawili tu. Nikakurekebishia shuka.

Niliporudi nilimweleza mhandisi, lakini hata hapo sikuwa jasiri. Nilisema nimewahoji akina mama upya. Hakubisha. Siku ileile akafinyanga duara la saruji, mfano wa kata ya nguo mnayoweka kichwani, mtungi ukae bila kushikwa, kisha akaweka bomba la kuzungusha, linalotoa maji bila kubonyezwa. Wiki haikwisha, njia ya bondeni ikaanza kuota majani. Akaandika kwamba wenyeji sasa wamezoea.

Sentensi hiyo hainipi raha. Hakuna aliyezoea kitu. Mlikuwa walewale, na mitungi ileile. Bomba ndilo lililobadilika, kwa maneno yako, baada ya wewe kuvunjika.

Kwa hiyo nakuambia mbele ya shemeji na mbele ya majirani: hukuwa mkaidi. Mwongo nilikuwa mimi. Nenda kwenye hiyo cherehani. Ikikusumbua, mwambie anayefundisha mahali inapokusumbua, na usikubali haraka kwamba tatizo ni wewe. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nitakapopata ruhusa nitakuja, nisimame mbele yako, na utakachosema nitakipokea.

Juzi tulikuwa karibu na Tandahimba, tunapima mahali pa bomba jingine. Bibi mmoja alisimama mbele yetu akasema mengi, kwa ukali, akionyesha nguzo tuliyosimika, akionyesha mgongo wake. Mhandisi akanigeukia: "Anasemaje?" Kalamu tayari ilikuwa mkononi mwake. Nikamwomba bibi arudie polepole, nikafasiri neno kwa neno, hata matusi.

Ni mimi,
mdogo wako uliyeniamini